Mwisho Aliousimulia Shemeji

Benchi lenyewe zamani lilikuwa rafu. Enzi hizo lilisimama ndani ya duka limebeba kanda, baadaye diski, na diski zilipokosa wanunuzi mwenye duka akalilaza nje ya mlango, akalipigilia miguu minne, na watu wakaanza kulikalia huku wakisubiri muvi zao ziingie kwenye flashi. Wengine hawakuondoka tena. Mwenye duka anaitwa Maktaba, maana ukimtajia muvi yoyote anajua iko folda gani, na dirishani huweka chupa ya kahawa ya wateja, ingawa wanaoinywa hawajanunua kitu tangu mwaka juzi. Kushoto hukaa Hitimisho, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye akishaona muvi lazima amwambie mtu ilivyoisha. Wateja wake wengine hunyolewa wameziba masikio. Katikati hukaa Fundi Mota, mtengenezaji wa pampu za maji, mtu anayeamini kwamba hakuna jambo linalotokea bila mtu kulipanga. Kulia, ukingoni kabisa, ni nafasi ya Nusu. Nafasi hiyo ilikaa wazi siku arobaini na moja. Alasiri ya siku ya arobaini na mbili Nusu akaja, akasalimia, akaikalia.

Nusu ni mwoka mikate. Huamka saa tisa usiku, watu wengine wakiwa usingizi wa pili, na kwa hiyo ikifika saa tatu usiku usingizi humkamata popote alipo, kijiko mkononi au kiatu kimoja mguuni. Hakuna muvi katika duka la Maktaba ambayo hajaiona nusu. Nusu ya pili alisimuliwa na mkewe, kila siku alfajiri, akifunga kamba za viatu. Ndiyo maana benchi likawa na sheria moja, aliyoiweka Maktaba mwenyewe: mbele ya Nusu hakuna kumaliza muvi. Mwacheni mwenzenu amalizie kwake. Hitimisho aliiona sheria hiyo kama kufungwa mdomo kwa kamba, lakini aliitii miaka yote.

Sasa mke huyo, ambaye benchi zima lilimwita shemeji, alikuwa kaburini. Kabla Nusu hajafika walikuwa wameshakubaliana kwamba habari za kufa zisitajwe kabisa. Walichosahau, masikini, ni kwamba wao wenyewe hawana kingine cha kuzungumza zaidi ya muvi, na muvi wanazozipenda ni za mizimu, za maiti wanaotembea, na za watu wanaoliwa angani.

— Nimeiona ile mpya ya nyumba ya mizimu, — alianza Hitimisho. — Sikuipenda. Damu imejaa ukutani, mama mwenye nyumba anasikia mtu anatembea darini, anafanya nini? Anapanda. Tena gizani. Na swichi ya taa ipo pale mlangoni, nimeiona kwa macho yangu mawili.

— Umeme ulikatika, — Fundi Mota alisema.

— Haukukatika. Friji inanguruma.

— Basi wamelipwa. Wenye kampuni za tochi wanawalipa watengeneza muvi, watu wasiwashe taa.

— Hata tochi hana.

— Ndiyo ujue wanavyojificha.

— Basi bwana, anapanda, anafika juu, mlango unajifunga, na yule mama ana... — Hitimisho akamtupia Nusu jicho, akameza mate. — Anahama.

— Anahama, ndiyo, — Fundi Mota aliitikia haraka. — Anatafuta nyumba nyingine.

— Na ile ya wale wa... wale wanaotembea polepole, — Hitimisho aliendelea, jasho likianza kumtoka. — Wale wasiokuwa na afya nzuri. Sehemu ya kwanza walikuwa wanajikokota, sasa hivi wanakimbia na kupanda kuta. Mtu hana ini, hana mapafu, mbio zile anazipata wapi?

Nusu alitabasamu kidogo kwa adabu. Aliwaelewa, na kuwaelewa huko kulimchosha. Tangu msibani kila mtu alikuwa akizunguka maneno mbele yake kama mtu anayeruka dimbwi. Kazini walikuwa wanamwambia apumzike. Nyumbani runinga ilikuwa imefunikwa kitambaa, naye kila ikifika saa tatu alilala palepale kwenye kiti, akaamka saa tisa, akakaa kitako akisubiri, kisha akakumbuka kwamba hakuna wa kumwambia kitu.

Hapo akatokea mwanamke wasiyemjua. Futi ya kupimia nguo ilikuwa shingoni, pini nne tano zimechomekwa kifuani, na mkononi alishika flashi nyekundu. Alikuwa fundi cherehani aliyehamia mtaa ule wiki hiyohiyo.

— Habari zenu kaka zangu. Nauliza, mnayo tamthilia ambayo hafi mtu?

Hitimisho alifunga macho. Fundi Mota akainama kutazama viatu vyake.

— Ya namna gani, dada? — Maktaba aliuliza kutoka dirishani.

— Ya angani, au ya mizimu pia sawa. Mama yangu yuko kitandani mwezi wa pili huu, hainuki. Hizo ndizo anazozipenda tangu sisi wadogo. Lakini siku hizi mtu akifa humo ndani, mama anageukia ukutani, na chakula hali.

— Lete flashi nikutazamie. — Maktaba aliichomeka, akaanza kushuka na orodha yake. — Hii wanakufa wanne. Hii wanakufa wote, anabaki paka. Hii... hapana, hii paka ndiye wa kwanza. Hii ya roboti. Haina watu, lakini roboti mwenyewe anazimwa, na inaliza kuliko ya watu.

— Si kuna ile ya kijiji chini ya bahari? — Fundi Mota alisaidia.

— Wanazama.

— Wako chini ya bahari tayari, wanazamaje tena?

— Ndilo kosa lake. Sehemu ya tatu hakuna aliyeielewa.

Nusu alikunywa tone la mwisho la kahawa. Akaweka kikombe chini.

— Mpe Meli ya Nyota Tisa, — alisema. — Ile ni nzuri kwa mgonjwa. Kuna daktari wa meli, mwanamke, anaugua msimu mzima, unafikiri basi tena. Lakini anapona. Mwisho anarudi nyumbani kwake.

Maktaba aliacha kushuka na orodha. Hitimisho akamwangalia Nusu, akamwangalia Maktaba, midomo ikimcheza.

— Kaka, — alisema mwishowe, — nimenyamazia mengi kwenye benchi hili. Lakini dada wa watu atampelekea mgonjwa. Yule daktari anakufa.

— Hafi.

— Anakufa, Nusu. Nimeiona mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nanyoa, machozi yakadondokea kichwa cha mteja.

— Umechanganya na nyingine. Daktari anarudi. Mumewe anamfungulia mlango.

— Mumewe yuko chini kwenye injini. Mumewe ni fundi wa meli, mlango gani tena?

— Ngojeni, — Fundi Mota alinyanyua kidole, na uso ukamng'aa kama wa mtu aliyepata sababu ya kuishi. — Nyote mna haki. Zilitengenezwa mbili. Moja anakufa, moja anapona. Wanapima watu.

— Nani anapima?

— Wenyewe. Mtaa huu wanauletea ya kufa, mtaa ule ya kupona, halafu wanahesabu vitambaa vya machozi vimenunuliwa vingapi.

— Lakini Nusu na mimi tumechukua hapahapa, kwa Maktaba.

— Basi ni flashi. Flashi za kisasa zinakujua. Wewe Hitimisho una roho ngumu, ikakupa ya kufa. Nusu ikamwonea huruma.

— Flashi ina huruma.

— Wewe cheka. Pampu zangu zenyewe zinanijua. Akigusa mtu mwingine haziwaki.

Hitimisho hakucheka. Alikuwa amemgeukia Nusu mzima mzima, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

— Hebu nikuulize kitu kaka. Ile ya yule mzee na mbwa wake, dunia imebaki tupu, wanatembea wawili tu. Mbwa aliishia wapi?

— Alipata watoto. Sita.

— Na ile ya mnara wa taa, wale mapacha?

— Walikuja kuchukuliwa na mjomba wao kwa mashua.

— Hakuna mjomba, — Hitimisho alisema polepole. — Katika muvi ile hakuna mjomba yeyote, Nusu. Wale mapacha walikuwa wameshakufa tangu mwanzo, ndiyo muvi yenyewe. Na mbwa alikuwa dume.

Upepo ulipita, ukachezesha bango la duka. Nusu alianza kuhesabu moyoni, bila kupenda. Yule msichana wa kisimani. Wale wanajeshi wa sayari nyekundu. Yule mchawi mzee aliyefungua duka la viatu. Wote aliwapokea alfajiri, akifunga kamba, akatoka nao gizani kwenda kazini, na wote walikuwa wazima. Miaka kumi na tisa. Haikumpitia hata siku moja kujiuliza kwa nini muvi za kutisha zinaishia vizuri hivyo. Alidhani ndivyo zilivyo, kwamba wanatisha watu mwanzoni halafu wanawapoza.

— Maktaba, — aliita. — Wewe unajua zote. Ninaota mimi?

Maktaba alivua miwani, akaifuta kwa shati, na akachukua muda mrefu mno kuifuta.

— Huoti. Nilijua.

— Ulijua nini?

— Shemeji alikuwa akirudisha flashi kila Ijumaa, ananiambia, hii nimeibadilisha, usije ukaniharibia mbele yake. Ndiyo nikaweka ile sheria. Wewe ulidhani naheshimu usingizi wako.

— Miaka yote.

— Si zote alibadilisha. Zilizoisha vizuri aliziacha.

Nusu alisimama. Alitaka kuondoka, lakini miguu haikujua pa kwenda. Nyumbani kulikuwa na runinga iliyofunikwa, na kazini zamu ilikuwa imeshaisha. Akakaa tena. Fundi cherehani alibaki dirishani na futi yake shingoni, bila kujua alichokianzisha.

— Ni kwa ajili ya ule unga, — Nusu alisema. Alisema kama anajisemea. — Tulipooana, mwaka wa kwanza, nilijikaza nikaona muvi moja mpaka mwisho. Baba mmoja alikuwa anamtafuta mwanawe kwenye barafu. Alimpata, lakini alichelewa. Nikaenda kazini na habari hiyo kichwani. Nikakanda unga wa siku nzima, nikasahau hamira. Mikate mia mbili ikatoka migumu kama matofali, bosi akanisimamisha kazi siku tatu. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniambia, wewe usimalize tena muvi. Lala tu, nitakusimulia asubuhi.

— Alifanya vizuri, — Fundi Mota alisema.

— Alinidanganya.

— Kwa vitu vya muvi, kaka. Watu wa kutunga.

— Hata siku ile? — Nusu aliuliza. — Tulikuwa sehemu ya mwisho ya hiyo Meli. Yeye kitandani, mimi kwenye kigoda, mkono wangu ameushika. Nikalala kama kawaida yangu. Saa tisa nikaamka, yeye yuko macho. Nikamuuliza, daktari vipi? Akasema, karudi nyumbani, kapona kabisa. Nikamwona amechangamka. Nikasema moyoni, na huyu atapona. Nikamwambia leo nikae nyumbani, akasema nenda, mikate itakaa bila mtu? Nikaenda napiga mluzi. Saa tatu asubuhi jirani akanifuata mpaka mlangoni pa tanuri.

Nusu alikiokota kikombe chake chini, akakigeuza mkononi.

— Angeniambia daktari kafa, ningekaa. Ningejua tu. Ningekaa.

Kwa desturi yake Hitimisho angekuwa na la kusema. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, kwa sababu ni mtu ambaye jambo likimkaa kooni humuumiza.

— Kwenye muvi, — alisema taratibu, — daktari anajua kwamba siku ni ile. Anamwita mumewe kwa redio, anamwambia nenda kwenye injini, zamu yako imefika. Mimi nalala kidogo. Mume anakwenda.

Maktaba alimkata jicho, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Nusu alifunika uso kwa viganja vyake vipana, vyenye makovu ya trei za moto, akalia. Hakulia msibani, kila mtu alikuwa akilisema hilo. Alilia pale, kwenye benchi la rafu, mchana kweupe, na wapita njia wakageuza macho kwa heshima. Fundi Mota alimwekea mkono mgongoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na mtu wa kumlaumu.

Baadaye Maktaba akamimina kahawa iliyobaki, ikajaza kikombe kimoja tu, akampa Nusu.

— Ninayo hiyo sehemu ya mwisho, — alisema. — Ukitaka nitakuwekea. Utaiona mchana, usingizi hauji.

— Nitaifanyia nini?

— Sijui. Uione ilivyo.

Nusu alikunywa, akapangusa pua kwa mkono wa shati.

— Mimi niliiona ilivyo, — alisema. — Meli inatua asubuhi, kuna ukungu. Daktari anashuka peke yake, kiatu kimoja kinambana, anakivua. Anatembea mtaani kwao hivyohivyo, kiatu mkononi. Anagonga mlango. Mumewe anafungua, mikono yote unga mpaka kwenye viwiko, unga mpaka masikioni, anashindwa amkumbatie vipi asimchafue. Daktari anamwambia, we chafua tu, nitafua kesho.

— Unga? — Hitimisho aliuliza. — Fundi wa injini, kapata wapi unga?

Aliuliza kwa mazoea ya ubishi. Kisha naye akasikia alichouliza, akaanza kuchambua nywele za wateja zilizoganda kwenye suruali yake. Fundi Mota akatazama barabarani. Na Nusu, aliyekuwa amelisikia neno hilo la unga mara moja tu, saa tisa usiku, akiwa na kamba ya kiatu mkononi na akili iko kwenye mikate, alilisikia sasa. Alitazama viwiko vyake. Unga ulikuwepo, kama ulivyokuwepo kila siku. Hajawahi kuweza kuumaliza wote kwa maji.

Fundi cherehani alisogea kutoka dirishani. Alikuwa ameelewa nusu ya mambo, nusu yalikuwa yamempita.

— Samahani kaka zangu, — alisema. — Hiyo ya unga ndiyo ninayoitaka. Inapatikana wapi?

Fundi Mota, mtu wa kampuni za siri na flashi zenye huruma, alimtazama Maktaba. Maktaba, ambaye kila muvi anajua iko folda gani, alishika kipanya cha kompyuta, akakisogeza kidogo, akakiachia.

Nusu alisogea kando, akampangusia mgeni nafasi kwenye benchi.

— Mama yako hulala saa ngapi? — aliuliza.

— Mapema. Saa mbili, saa tatu hivi. Mara nyingi muvi haijaisha.

— Basi mchukulie hiihii ya Maktaba. Akilala, izime. Asubuhi akikuuliza, msimulie wewe.

— Na mimi nitasema nini?

— Hivyo nilivyosema. — Alifikiri kidogo. — Na usisahau unga.